Kisigino Bila Kisu

Nitasema ukweli tangu mwanzo, maana kwetu Rwimbogo kila mtu ana namna yake ya kusimulia jambo hili, na karibu zote zinanifanya nionekane mjinga kuliko nilivyokuwa. Niliruka kutoka juu ya ukuta wa kanisa nikiwa nimejifunga shitingi ya Maman. Sikusukumwa. Sikuteleza. Hakuna shetani aliyeninong'oneza, ingawa baadaye walikuwepo watu wazima waliotaka sana kumtwika shetani mzigo huo. Nilipanda kwa miguu yangu mwenyewe, nikafunga pembe za shitingi kwenye viwiko kwa kamba za mgomba, nikatazama chini, nikaona urefu unanitosha, nikaruka.

Kama umri wako ni kama wangu na ulikulia huku, shitingi unaijua. Ni ile plastiki ngumu ya bluu tuliyogawiwa sisi tuliorudi kutoka Kongo. Ilikuwa nyumba kabla hatujapata nyumba, kisha ikawa mlango, kisha ikawa mahali pa kuanikia mihogo, na siku za mvua ikawa koti la yeyote aliyetangulia kuishika. Na ndege unazijua pia. Zilipita juu yetu zikitoka uwanja wa Kamembe kwenda ng'ambo ya mpaka, Kongo, kwenye vita, nasi tukasimama mashambani tukiziangalia mpaka shingo zinauma. Kijana mmoja mfyatua matofali alikuwa ametuambia kwamba huko askari wanarushwa kutoka angani na kitambaa kikubwa mgongoni, wanatua polepole kama jani la mparachichi. Sikumuuliza ni kitambaa gani. Kwetu kitambaa kikubwa kilikuwa kimoja tu.

Kanisa lilikuwa bado halina paa. Ndani ya zile kuta kwaya ilikuwa inafanya mazoezi, wakiimba habari za kupaa mbinguni. Nikawapitia pembeni, mimi nikielekea upande wa pili, chini.

Shitingi haikufunguka. Ilinipiga usoni, ikanifunika, na nikatua nimesimama wima, visigino kwanza, kama mtu anayetaka kuonyesha adabu. Kisigino cha kulia kilifikia kwenye kifusi cha matofali. Nilisikia mlio, ule mlio wa mtu anayevunja muwa kwa goti. Maumivu hayakuja mara moja. Kilichokuja ni joto, kana kwamba nimekanyaga majivu ya jiko. Mama mmoja wa sauti ya kwanza alipiga kelele kwa noti ambayo kwaya nzima haikuwahi kuifikia. Halafu maumivu yakafika, na noti yake nikaipita.

Nimeyakumbuka yote haya wiki hii kwa sababu ya harufu. Shuleni wanapaka chokaa madarasa, na ile harufu ya ukuta mbichi, ya baridi, ya vumbi lililolowa, imenirudisha kitandani kwetu nikiwa na mguu wenye plasta juu ya mito. Wenzangu wanaziba pua. Mimi navuta pumzi na kisigino kinaanza kuwasha.

Walinibeba hadi barabarani kwa ngobi, ile machela ya mianzi ambayo majirani hubebea wagonjwa mabegani, na pale tukapata gari la mpunga lililokuwa linapanda kwenda mjini. Maman alitukuta hospitalini. Siku hizo alikuwa anavuka daraja la mpakani asubuhi kupeleka mchele Bukavu, upande wa Kongo, na kurudi na sambaza, vile visamaki vya ziwa vilivyokaushwa, na harufu ya sambaza ilikuwa imekaa mikononi mwake kiasi kwamba nilimjua ameingia kabla sijafungua macho. Hakunipiga. Hilo lilinitisha kuliko mguu.

Daktari alikuwa mzee mrefu, na mfuko wa koti lake ulijaa kalamu ambazo nadhani nyingi hazikuandika. Aliinua picha ya mguu wangu mbele ya dirisha.

"Maman, ona. Huu njo mfupa wa kisigino."

Na mimi nikaona. Ulikuwa kama yai la kuchemsha ambalo umeligonga mezani, halafu ukaghairi kulimenya.

"Kuna fasi banaweza kupasua na kutia vyuma," alisema daktari. Kwetu fasi ni mahali, na banaweza ni wanaweza. "Huyu mimi sitamupasua. Mapande ya mfupa haijahama mbali. Na ngozi ya kisigino ni nyembamba, ukiikata inaweza kukataa kufunga. Kidonda kikioza, tutakuwa na shida mbili pahali pa moja."

"Kwa hiyo tunaacha ivi?"

"Hatuachi, Maman. Tunangoja. Haiko kitu kimoja. Muguu unakaa juu, juu kuliko roho yake, hii inapiga mu kifua. Hakanyagi mpaka mi niseme. Vidole anacheza nabyo kila siku, visigande."

"Na kisha?"

"Kisha atatembea."

Maman hakuridhika na neno hilo. Yeye ni mtu wa soko. Ukimwambia samaki ni wazuri, anauliza wazuri vipi. "Atatembea namna gani?"

Yule mzee akashusha picha. Nampenda mpaka leo kwa sababu hakumpamba Maman kwa maneno. Alimwambia kisigino kitakuwa kipana. Viatu vitasumbua. Kwenye mawe na kwenye miteremko nitasikia maumivu, na siku za baridi nitasikia hata nikiwa nimekaa. Wengine huumwa mwaka mzima, wengine kupita hapo, wengine wanasahau ni mguu upi ulivunjika. "Kupasua nako hakuna kiapo," akamaliza. "Lakini sikia vizuri: akikanyaga mapema, atakiponda. Asipokanyaga wakati ukifika, kitakauka, atakuwa anatembea kama muntu amevaa kiatu cha mubao. Hapo katikati njo kuna kazi, na hiyo kazi ni yako."

"Basi tungoje," alisema Maman.

Wakanifunga plasta ya nyuma tu, nusu ya kiatu, pamoja na bendeji, na hapo ndipo mateso yangu ya kweli yalipoanza, maana nilikuwa na siri. Nilijua kazi ya plasta. Sokoni Kamembe kulikuwa na bwana mmoja aliyeuza betri za redio. Mara ya kwanza nilipomwona, mguu wake ulikuwa ndani ya plasta nyeupe, ameunyoosha juu ya kreti. Mara ya pili nilipopita na Maman, plasta haikuwepo, na mguu haukuwepo. Suruali ilikuwa imekunjwa na kubanwa kwa pini. Hakuna aliyenieleza habari za mabomu ya kutegwa, wala vidonda vilivyochelewa kufika hospitali. Nilikuwa na macho na nilikuwa na akili, nikavijumlisha: plasta ilikuwa imeula ule mguu, polepole, kuanzia ndani.

Sikumwambia mtu. Ungemwambia nani? Kila asubuhi niliamka nikafanya ukaguzi wa vidole vilivyochungulia mwisho wa bendeji. Nilivipa majina ya watu wa kanisani ili nisipotewe na yeyote. Kidole gumba kilikuwa Pasta, kwa sababu ya tumbo. Kilichofuata, kirefu na kikavu, kilikuwa mtunza sadaka. Kile kidogo cha mwisho kilichojikunja kilikuwa mzee mmoja wa kanisa aliyelala kila mahubiri yalipoanza. Niliwasalimu mmoja mmoja, nikawaambia wainuke na kuinama kama daktari alivyoagiza, na wakiinuka wote nilipumua. Dada yangu Furaha, mkubwa kwangu, alinisikia nikisema "Pasta, inama" na akaenda kumwambia Maman kwamba homa imefika kichwani.

Wageni walikuja. Kwetu mgonjwa hatembelewi kwa mdomo tu, anatembelewa kwa mikono. Walileta viazi, uji wa mtama, ndizi, na kila mmoja aliyeingia alitaka kuushika mguu. Huyu alisema ukandwe kwa maji ya moto na chumvi. Yule alisema siagi ya ng'ombe, iliyokaa muda mrefu, inukie vizuri. Mwingine alimjua mzee huko Gitambi aliyekuwa anaunga mifupa kwa kuivuta, akatuonyesha kwa kumvuta Furaha mkono. Maman aliketi kando ya kitanda, anapepeta mchele, na kila mkono uliponyooka kuelekea kisigino changu ulikutana na ungo. Hakugombana na mtu. Ungo tu ulikuwa unajikuta pale.

Aliyekuwa mgumu kupepetwa ni Maman Mukubwa Josée, dada yake Maman, mkazi wa Bukavu. Alivuka siku moja akiwa na kitenge kipya, marashi yanayotangulia kuingia, na maoni.

"Kwa hiyo dokta wa kwenu alisema mungoje? Hata mimi najua kusema ngoja, na sikusomea udaktari!" Alizunguka kitanda changu kama anayekagua mbuzi. "Ku Bukavu kuna dokta anatia vyuma. Mutoto wa jirani yangu alivunjika mukono, balitia chuma, leo anapiga gitaa. Weye unamulaza hapa kama muhogo inakauka."

"Mukono haiko kisigino, Josée."

"Mufupa ni mufupa. Maman Furaha, nisikilize. Huyu akikuwa kirema, bantu batasema ni ju ya nani? Batasema ni ju ya maman yake, alikataa kumupeleka fasi banapasua."

Ungo ulisimama. Nilikuwa nimefumba macho, kazi niliyoifanya vizuri sana mwaka ule.

"Basi baseme," alisema Maman. "Nilisikia dokta na masikio yangu. Kidonda kikikataa kufunga, ni mimi nitakuwa nasafisha, haiko weye na marashi yako. Na siku banafunga bariyeri ya mpaka, mutoto iko kule ng'ambo mu kitanda ya batu, mimi niko huku? Nilishaacha muntu mumoja ng'ambo."

Huyo mtu mmoja alikuwa Papa, baba yetu. Sisi tulivuka, Papa hakuvuka, na nyumbani kwetu habari yake ilikuwa inaishia hapo. Josée alikunja kitenge chake, akanibusu kwenye paji la uso, akaondoka na harufu yake nyuma yake. Maman alirudi kwenye mchele. Alipepeta mchele ambao ulikuwa umekwisha kupepetwa.

Hata mimi, mtoto, nililielewa hilo: alikuwa ameweka neno lake mbele ya ukoo mzima, na neno hilo lilikuwa limelala juu ya mito yangu, limefungwa bendeji. Kisigino kikigoma, mimi ningekuwa mlemavu, na yeye angekuwa mama aliyesababisha.

Siku ya kutoa plasta nilikwenda kama anayekwenda kuchinjwa. Daktari alichukua mkasi mkubwa, akakata bendeji, akaondoa ile nusu-kiatu, na harufu iliyotoka ilimfanya Furaha aombe ruhusa ya kwenda nje. Nikainua kichwa. Pasta alikuwepo. Mtunza sadaka alikuwepo. Wazee wote walikuwepo. Lakini juu ya kifundo, Mungu wangu! Ngozi ilikuwa inabanduka kama ya kiazi kilichochemka, na shavu la mguu halikuwepo. Upande wa kushoto mguu wa mvulana, upande wa kulia mpini wa jembe.

"Imekula nusu!" nilipiga kelele.

"Nini imekula?" aliuliza daktari.

Hakuwa na haja ya kujua kwamba najua. Alibonyeza hapa, akabonyeza pale, akainua picha mpya dirishani na kusema mfupa umeshikana, nyama itarudi ikipewa kazi. "Sasa akanyage. Kidogo kidogo, na magongo. Fasi laini kwanza: nyasi, muchanga, udongo. Haiko mawe."

"Dokta, kwetu ni mawe tupu," alisema Maman.

"Tafuta, Maman."

Na mimi nikagoma.

Watu hudhani mtu wa utani haogopi kitu. Kumbe utani ni namna ya kumchelewesha anayekuuliza. Nilikuwa nimeruka kutoka juu ya ukuta bila wasiwasi, na sasa sikuthubutu kushuka kutoka kwenye kigoda. Hesabu yangu ilikuwa imekamilika: kama plasta ilikuwa imeila nyama ya nje, nani ajuaye ilichofanya ndani ya kisigino? Niliamini kilichobaki ni ganda tu, kama ganda la yai lililonyonywa, na siku nitakapokiweka chini kitapasuka na kitu fulani kitamwagika. Kwa hiyo nikatembea kwa magongo, mguu ukining'inia kama mfuko wa soko, na yeyote aliyesema kanyaga nilimpa mzaha badala ya hatua. Furaha alipoahidi kunibebea kazi zangu zote kama nitakanyaga mara moja tu, nilimwambia tayari anazibeba, sasa nikanyage kwa faida gani?

Pasta alikuja kuniombea. Pasta mwenyewe, si kidole. Alikuja na kundi la maombi, wakajaza chumba, wakaimba mpaka kuku wakatoka nje. Akaniwekea mkono kichwani, sauti ikapanda.

"Mutoto, kwa imani, simama! Tupa magongo! Simama!"

Wote walinitazama. Nilimtazama Pasta, nikatazama miwani yake minene kama vitako vya chupa.

"Pasta," nilisema, "anza weye kutupa miwani, tuone kama iko inafanya kazi."

Maman alinifinya chini ya blanketi, mfinyo wa kuzungusha, ambao ngozi yangu bado ina kumbukumbu nao. Lakini alipogeuka kuwapa wageni viti, niliona mabega yake yakitikisika. Pasta naye, lazima niseme, alicheka kabla ya waumini wake.

Kicheko hicho hakikunisaidia. Siku zilipita na kifundo kilianza kukaza. Nilikuwa nasikia kinavyogoma, kama bawaba ambayo mvua imeinyeshea. Maman alijaribu nyasi za uwanja wa kanisa. Nilisema kuna siafu. Alijaribu kunikaangia sambaza na kuziweka hatua chache mbali na mimi. Nilizifuata kwa mguu mmoja na magongo, nikala zote. Alijaribu kunitisha na neno la daktari, kiatu cha mbao. Nikamwambia angalau kiatu nitakuwa nacho. Hakufinya. Alinitazama tu, akaenda nje. Jioni hiyo Josée alituma salamu kupitia kwa mwanamke mwenzake Maman wa sokoni: anauliza mtoto ameshatembea? Maman alijibu, "Mwambie ana hamu ya kujua kuliko mimi."

Mvua zilikuwa karibu na nyumba yetu ya miti ilikuwa bado haijakandikwa upande wa nyuma. Ukisema unakandika, kwetu watu wanakuja. Hualiki, unatangaza tu, na majirani wanafika na majembe na madebe, maana kila mmoja ana ukuta wake utakaongoja zamu. Udongo unachimbwa, unamwagiwa maji, unachanganywa na nyasi zilizokatwakatwa, na kisha unakanyagwa. Hapo ndipo watoto wanapopata heshima. Watu wazima wanapaka, sisi tunakanyaga, tumekunja nguo mpaka mapajani, tunashikana mabega, tunaruka, tunaimba nyimbo ambazo siku nyingine zingetuletea viboko. Udongo unapokuwa tayari unatoa sauti kama busu.

Siku hiyo nilikaa kwenye kigoda kando ya shimo, magongo mapajani, najifanya msimamizi. Furaha alikuwa katikati ya tope na wenzake.

"Parashiti!" aliniita. Ndilo jina nililopewa kijijini, kwa kile kitambaa cha askari wa angani. "Shuka, sha! Leo hapa hakuna kwaya!"

"Ninasimamia," nilisema. "Kule nyuma unakanyaga kama bibi-arusi."

Josée naye alikuwepo. Alikuwa amevuka asubuhi na kreti ya fanta kwa ajili ya wasaidizi, amekaa kivulini na viatu vyake vizuri amevivuta mbali na tope, anatupa ushauri kila ulipohitajika na kila usipohitajika. Aliutazama mguu wangu unaoning'inia, akamtazama Maman, akafyonya. Ndiyo namna yake ya kusema kwa sauti.

Maman alikuja kwangu na debe la maji. Karibu na kigoda changu, pembeni ya shimo kubwa, kulikuwa na shimo dogo la udongo ambalo nilidhani ni la kukarabati jiko. Akalimwagia maji. Halafu akasema, kana kwamba ananigawia chakula:

"Huu ni wako."

"Wangu wa nini?"

"Wa kukanyaga."

"Maman, mimi niko na muguu moja na nusu."

"Njo naona. Leta ile nusu."

Wale waliokuwa karibu walicheka. Nilitafuta kwa macho sababu ya kukataa. "Kuna mawe," nilisema. "Dokta alisema haiko mawe."

"Hamuna."

"Rwimbogo yote ni mawe!"

"Mu udongo huu hamuna," alisema Maman. "Nilitoa."

Furaha alikuwa amesimama kusikiliza, tope mpaka magotini. "Tangu juma lililopita anachambua," alisema. "Akitoka ku soko, kabla hajapika. Anachambua na mikono kama mchele. Hata vikokoto alitoa. Sisi tunakanyaga mawe yetu ya kawaida, weye unapewa udongo wa mfalme, na bado unaringa."

Ndipo nilipoona lile rundo nyuma ya shimo dogo. Mawe ya ukubwa wa ngumi, mawe ya ukubwa wa harage, vipande vya changarawe vilivyo vidogo hivi kwamba hata kuku asingesumbuka navyo. Nilikuwa nimemwona, siku zile za nyuma, amechuchumaa pale jioni akichekecha udongo kwa vidole, na nilidhani kuna kitu amepoteza. Nilitazama mikono yake. Kucha zilikuwa zimevunjika zote, na chini ya zile zilizobaki kulikuwa na wekundu wa ardhi ambao sambaza haziachi.

Sikuwa na mzaha wowote. Nilitafuta, niamini.

Niliweka gongo moja chini. Nikashuka kigodani kwa mguu wa kushoto, ukazama katika baridi. Gongo la pili nilitaka kuliegemea, likazama lote, likawa halina maana, nikaliacha limesimama kama mti. Watu waliokuwa wanapaka ukuta walikuwa wameacha. Nikashusha wa kulia. Vidole kwanza, Pasta alibatizwa wa kwanza, akifuatiwa na wazee. Hapo nikasimama, kisigino juu.

"Inauma?" aliuliza Maman. Hakuwa amenishika. Alikuwa amesimama umbali wa mkono, mikono nyuma.

"Bado."

"Basi shusha, ujue."

Nikashusha.

Kiliuma. Sitadanganya hapa baada ya kusema nitasema ukweli. Kiliuma kwa namna ya kitu kilichoamshwa ghafla, kutoka chini mpaka kwenye meno. Lakini hakikupasuka. Hakuna kilichomwagika. Tope lilikizunguka, laini, baridi, likakibeba kila upande, na uzito wangu ukashuka ukafika pale na ukakuta kuna mtu ndani. Nilikuwa na mfupa! Nikaondoa mguu, nikausogeza, nikashusha tena. Na tena. Machozi yalikuwa yanatiririka na nilikuwa nacheka, na Furaha alikuwa anapiga makofi ya tope akiwatapakaza wote waliokuja na nguo safi.

Nikageuka kutazama nilikopita. Nyayo zangu zilikuwa zimejiandika pale kwenye ukingo, palipokuwa pakavu kidogo. Wa kushoto ulikuwa mguu wa mtoto. Wa kulia, kwa nyuma, ulikuwa umetanuka kama chapati.

Ndicho kisigino nilicho nacho mpaka leo. Kiatu cha kulia ninakinunua kwa fundi, au ninanunua jozi kubwa na kujaza kitambaa upande wa kushoto. Mguu haugeuki vizuri pembeni, kwa hiyo kwenye mteremko wenye changarawe natembea kama padri aliyevaa kanzu ndefu. Timu ya darasa imeniweka golini, mahali ambapo mtu hukimbia kidogo na hulaumiwa sana. Asubuhi za baridi ninaamka mimi kwanza, kisigino kinafuata baadaye. Lakini juma lililopita tulikwenda Bweyeye na wenzangu kwenye msiba wa babu wa rafiki yetu, kwa miguu, njia ile inayopita ukingoni mwa msitu, kwenda na kurudi, na aliyebebwa mwishoni hakuwa mimi. Mwaka wa kwanza ulikuwa mbaya, wa pili ulikuwa wa kulalamika, na sasa kuna siku nzima zinapita sijakikumbuka. Hakuna kovu. Ukiutazama mguu haraka utadhani ni mguu tu.

Siku ile, hata hivyo, hakuna aliyeyajua hayo. Kulikuwa na wayo mmoja mpana katika tope na watu wameuzunguka. Josée alikuwa ameinuka kutoka kivulini, amekuja na viatu vyake vizuri mpaka ukingoni, akainama.

"Yesu!" alisema. "Kisigino kama ya kiboko! Mukione, kimepanuka! Nilikuambia, Maman Furaha. Nilikuambia ama sikukuambia?"

Nikamtazama Maman. Wote walimtazama. Alichuchumaa karibu na ule wayo, akaweka kiganja chake ndani yake, mahali pa kisigino, kama anayepima kitambaa. Kiganja kilienea. Alikiacha hapo kidogo. Kisha akainuka, akapangusa tope kwenye kitenge, akamjibu dada yake kwanza na mimi baadaye, kwa sauti ileile anayotumia sokoni bei ikishakubaliwa:

"Kipana ni kipana, lakini kinamubeba mwenyewe. Na weye, usisimame bule, kanyaga na kule pembeni, kungali na mabonge."